Rafadha: Historia Yake, na Kosa Nililolifanya Lushoto



Mhariri wa gazeti letu aliponiandikia akiomba makala ya historia, alitaka niwasimulie habari za Wajerumani walioiita Lushoto kwa jina la Wilhelmstal. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na watu wanaozijua kunishinda. Mimi nimechagua kitu kidogo zaidi, yaani rafadha, lile panga linalozunguka puani mwa ndege, ambalo sisi shuleni tulizoea kuliita pangaboi. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, wanafunzi wa sasa wametuomba tuwasaidie kufufua chama cha ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, na katika barua yao wamesema wazi kwamba wanataka ndege ya kasi. Ya pili ni deni langu la zamani, ambalo nitalitaja mahali pake.

Asili ya rafadha

Rafadha haikuanzia angani, ilianzia majini. Katika miaka ya 1830 watu wa Ulaya walikuwa wakitafuta njia ya kusukuma meli za mvuke bila yale magurudumu makubwa ya ubavuni. Mkulima mmoja wa Kiingereza, Francis Pettit Smith, alitengeneza skrubu ya mbao iliyojizungusha mara mbili kamili, akaifunga katika mashua ndogo. Mwaka 1837, akiwa katika majaribio mferejini huko London, skrubu hiyo ilivunjika ikabaki nusu. Mtu angetazamia kwamba mashua ingezorota. Kumbe mashua ilikwenda kasi zaidi! Smith akatambua kwamba wingi wa mbao siyo nguvu, bali umbo lake na jinsi linavyoyashika maji.

Miaka zaidi ya 60 baadaye, mafundi baiskeli wawili wa Dayton, Marekani, ndugu Wilbur na Orville Wright, walihitaji rafadha ya ndege. Walidhani wangechukua tu hesabu za wahandisi wa meli na kuzigeuza za hewa. Walipotafuta hesabu hizo hawakuzipata, kwani rafadha za meli wakati ule zilichongwa kwa kujaribu na kujaribu tena. Ikawabidi wafikiri upya. Wakafikia wazo ambalo ndilo msingi wa kila rafadha ya ndege hata leo, kwamba rafadha ni bawa, ila bawa hili huenda mbele kwa kuzunguka. Walichonga rafadha mbili za mbao, kila moja yenye kipenyo cha meta 2.6 hivi, wakazizungusha kwa minyororo kama ya baiskeli, moja huku na nyingine kule. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini ya nguvu farasi 12 iliruka kwa sekunde 12, ikapita umbali wa meta 36 hivi. Kwa kulinganisha, mwaka ule reli ya kutoka Tanga ilikuwa haijafika hata Mombo. Ilifika mwaka 1905.

Rafadha katika anga letu

Sisi hatukukaa sana kabla ya kuziona ndege. Mwaka 1914 rubani Mjerumani, Bruno Büchner, alileta ndege Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho, na vita vilipozuka ndege hiyo ikaingizwa jeshini. Mwaka huo huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, na Waingereza wakahitaji macho ya angani ili waione. Walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, mwenye ndege ya Curtiss ya kutua majini. Rejeta ya ndege hiyo ilipoharibika, ikabidi itafutwe rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Cutler aliiona manowari mwezi wa Novemba, lakini mwezi uliofuata alilazimika kutua mtoni akatekwa.

Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa ndege mbili za Sopwith. Huko Ulaya zilipotengenezwa zilifaa. Hapa kwetu, katika joto la pwani, zilishindwa kupanda na mzigo wake, na ilibidi marubani waruke bila mabomu na kwa mafuta kidogo. Wasomaji wenzangu, liangalieni jambo hili kwa makini, maana ndilo lililotupata sisi Lushoto miaka mingi baadaye. Hewa yenye joto ni nyepesi. Hewa nyepesi humpa rafadha kitu kidogo cha kushika, humpa bawa kitu kidogo cha kuegemea, na huipa injini pumzi pungufu. Hasara tatu kwa mpigo mmoja. Kisha kuna mbao na gundi. Rafadha za wakati ule zilikuwa za mbao kadhaa zilizogandishwa pamoja kwa gundi, na unyevu wa pwani pamoja na jua la nyika ni adui wa gundi. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga ya meli mbili za Kiingereza ikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia.

Mwaka uliofuata ndege zilikuja upande wetu. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Waingereza, ambacho wengi wake walitoka Afrika Kusini, kilianzia Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, kikatazama njia ya majeshi ya Jenerali Smuts yaliyoshuka kwa kufuata bonde la Pangani, chini ya Milima ya Upare na Usambara. Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliingia Mombo, kisha Wilhelmstal. Miongoni mwa ndege za kikosi hicho zilikuwamo B.E.2c, ambazo rafadha zake zilikuwa na mapanga manne, nazo zilizunguka kwa nusu tu ya mwendo wa injini. Hiyo ilikuwa rafadha ya ndege ya polepole, yaani kubwa, yenye mapanga mengi, inayokwenda taratibu na kuvuta hewa nyingi. Wazee wetu waliosimama ukingoni mwa milima na kutazama nyika chini waliweza kuiona ndege ikipita chini ya miguu yao.

Somo la kasi

Sasa tuje kwenye kasi. Mfano mzuri kupita yote ni ndege ya Supermarine S.6B ya Uingereza, iliyoshinda Kombe la Schneider mwaka 1931, na mwezi huo huo ikavunja rekodi ya dunia kwa kilometa 655 kwa saa. Rafadha yake ilikuwa ya metali, na mapanga yake yalipinda sana ili yafae katika kasi ile. Lakini mapanga hayo hayakuweza kugeuzwa. Ndege ilipokuwa bado imesimama juu ya maji, yaliikata hewa kwa ubavu mno. Hewa ilikataa kuufuata mgongo wa panga, ikaachana nao, na rafadha ikawa inachafua hewa tu bila kuivuta. Marubani walipata taabu kubwa kuiondoa majini. Hiyo ndiyo bei ya rafadha ya kasi: ni tamu ukishafika, lakini kufika kwenyewe ni shida.

Dawa ilipatikana Marekani. Mwaka 1933 ndege ya abiria ya Boeing 247 ilifanyiwa majaribio Cheyenne, mji ulioko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa rafadha ya kawaida ilipata shida kuruka katika hewa nyepesi ya huko. Mhandisi Frank Caldwell akaifunga rafadha yenye mapanga yanayogeuka, kidogo wakati wa kuruka na zaidi ikishakuwa angani, na ndege ikaruka kwa mbio fupi zaidi. Tangu hapo ndege kubwa haikulazimika tena kuchagua jambo moja na kuliacha jingine.

Ndege ndogo, lakini, bado inalazimika. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, waliorusha ndege yao ya kuongozwa kwa redio mwaka 1937, waliichagulia rafadha moja isiyogeuka, na mpaka leo aliye na ndege ndogo ya kawaida hufanya vivyo hivyo.

Namba mbili

Rafadha ya ndege ndogo huandikwa namba mbili, kwa mfano 8 kwa 4. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili huitwa hatua, nayo ni umbali ambao rafadha ingejipenyeza mbele katika mzunguko mmoja, kama kwamba hewa ni ubao na rafadha ni skrubu. Hatua ndefu ni kasi. Kipenyo kikubwa ni nguvu ya kuvuta. Ukizidisha hatua kwa idadi ya mizunguko, unapata mwendo ambao ndege haiwezi kuupita kwa mbali. Rafadha ya 8 kwa 4, ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, hutoa kilometa 73 kwa saa. Rafadha ya 7 kwa 8, kwa mizunguko hiyo hiyo, hutoa kilometa 146. Hesabu hii ni rahisi, mvulana wa Kidato cha Tatu anaiweza, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Mwaka 1974 mimi nilikuwa mvulana huyo.

Wa wakati wangu mtakumbuka kwamba mwalimu wetu wa fizikia alikuja na injini ndogo ya dizeli, yenye ujazo wa sentimita 2.5, na redio ya megahezi 27. Ndege tuliijenga wenyewe. Alitupa rafadha za nailoni za 8 kwa 4 na sheria tatu: tusitumie rafadha nyingine bila yeye kuiona, tusiwashe tena injini baada ya ndege kuanguka mpaka rafadha ifunguliwe na kukaguliwa, na mtu yeyote asikae katika mstari wa mapanga. Ndege iliruka vizuri, polepole, ikizunguka juu ya uwanja wa mpira. Wageni walikuwa wanakuja wiki iliyofuata, nasi tuliona haya kuwaonyesha ndege inayokwenda kama mwewe aliyeshiba.

Jumamosi moja mwalimu alikuwa ameshuka Tanga. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa hesabu, na mimi ndiye niliyeandika ubaoni zile kilometa 146. Nilichukua kipande cha mwangati kutoka chumba cha useremala nikachonga rafadha ya 7 kwa 8. Mwangati, kama mjuavyo, ni mti wa misitu ya Shume, ule ambao Wajerumani waliushusha kwa waya wa angani mpaka Mkumbara. Ni mti mzuri. Unanukia, unachongeka kwa kisu kama sabuni, na penseli zimetengenezwa kwao. Sikujiuliza kwa nini unafaa kwa penseli. Unafaa kwa sababu ni laini na nyuzi zake zimenyooka, na kwa hiyo pia unapasuka kirahisi kwa kufuata nyuzi hizo.

Hesabu yangu ilisahau mambo matatu, na sasa naweza kuyataja kwa utulivu. Kwanza, nilidhani injini ingezunguka mara 12,000 kama kawaida, hali hatua ndefu ni mzigo mzito, na injini ikilemewa hupunguza mizunguko. Pili, panga la 8 kwa 4, ukilipima robo tatu ya njia kutoka kitovuni, limeinama nyuzi 12 hivi. Langu liliinama karibu nyuzi 26. Kwa ndege iliyo mkononi mwa mtu, bado haina mwendo, hewa huachana na panga la namna hiyo, kama ilivyokuwa kwa S.6B. Tatu, Lushoto iko meta 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa asilimia 12 au 13 hivi kuliko ya Tanga. Mvuto mdogo ukapungua tena.

Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja ingawa wengi mnamjua, aliirusha kwa mkono. Ilikwenda hatua chache, ikazama, ikagonga majani kwa pua. Hapo ndipo ilipotakiwa sheria ya pili. Nilisema, “Injini haijapata moto vizuri, tuiwashe tena.” Niliitazama rafadha kwa jicho tu nikaona ni nzima. Mwenzangu akaishika ndege, akainama kando ya pua yake ili asikilize injini. Yaani alikaa katika mstari wa mapanga, nami nilimwona.

Panga la gramu 2, likizunguka mara 12,000 kwa dakika, huvutwa kutoka kitovuni kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 12. Hata tukisema letu lilizunguka mara 9,000, bado ni uzito wa kilo 7, unaoning'inia kwenye unene wa penseli. Mwangati ulipasuka. Kipande kimoja hatukukiona tena. Kingine kilimkata juu ya jicho la kushoto, upana wa kidole kutoka kwenye mboni. Alishonwa nyuzi sita. Jicho, nashukuru Mungu, lilipona.

Deni lenyewe

Mwalimu aliporudi tulimwambia kwamba rafadha ya nailoni ilipasuka yenyewe. Maneno hayo niliyasema mimi, na wengine wakanyamaza. Yule aliyeumia alinyamaza pia, na alikuwa na haki kuliko sisi sote ya kusema. Mwalimu aliamini. Alijilaumu kwa kutuachia vifaa vibovu, akaenda kwa mkuu wa shule kukiri kwamba kosa ni lake, na chama kikafungwa. Mwisho wa mwaka aliondoka nchini. Miaka michache iliyopita nilipata habari kwamba amefariki dunia, nami sikuwa nimemwandikia.

Katika mikutano yetu kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kila mara husemwa kwamba nailoni ya zamani ilikuwa mbovu. Sivyo. Nailoni ya mwalimu ilikuwa nzima kabatini siku ile. Rafadha iliyopasuka niliichagua mimi, niliichonga mimi, na amri ya kuwasha tena niliitoa mimi. Mwenzangu mwenye kovu, najua unalisoma gazeti hili kila mwaka kutoka jalada hadi jalada. Nakuomba radhi mbele ya watu wale wale waliousikia uwongo wangu.

Kwa vijana wa sasa

Vijana wetu watatumia mota ya umeme, siyo dizeli. Mambo mengine yatakuwa rahisi, lakini si yote. Mota ya umeme haihitaji pumzi, kwa hiyo mwinuko wa Lushoto hautaidhoofisha. Rafadha yenyewe bado itapata hewa pungufu, na ndege itahitaji mwendo zaidi ili ikae angani. Tena mota ikifungwa rafadha nzito haipungui nguvu kwa adabu kama injini yetu. Huvuta umeme zaidi na zaidi mpaka yenyewe au betri iungue. Basi waanze na rafadha iliyoandikwa na mtengenezaji wa mota. Wakitaka kasi waongeze hatua inchi moja moja na kupunguza kipenyo kidogo, huku wakipima umeme unaovutwa kila mara kwa kipimo kamili. Ndege ikianza kukataa kuondoka mkononi, wamefika mwisho. Warudi nyuma inchi moja. Waitundike kila rafadha kwenye pini waone kama panga moja ni zito kuliko jingine. Iliyochubuka waivunje na kuitupa, ili asije mwingine akaifunga. Wasichonge. Na wanaporusha wawe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wasimame nyuma ya ndege, na wavae miwani.

Wasidhani pia kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilisafirisha dawa katika majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 juu ya ziwa, kwa dakika 40 hivi. Rafadha zake ziliweza kuinuka kutazama juu wakati wa kuruka, kisha zikalala kutazama mbele wakati wa safari. Swali lililowatesa watu wa S.6B mwaka 1931, na lililonishinda mimi mwaka 1974, lilijibiwa tena kwa namna mpya, hapa hapa nchini. Sioni kwa nini jibu linalofuata lisitoke Lushoto.

Nimekwisha kumwandikia mweka hazina. Natoa mchango wangu kwa masharti mawili: fedha zinunue rafadha za kutosha, ili asiwepo kijana atakayeona haja ya kuchonga, na zile sheria tatu za mwalimu wetu ziandikwe kwa rangi ukutani mwa chumba cha chama.

Wasalaam,
Mwanachama wa zamani wa Chama cha Ndege Ndogo